Nani Atakuulizia Usipokuja? Historia ya Klabu za Huduma na Wanachama Wao

Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, mitaa ya Lamu na Mombasa ilianza kusikia ngoma ya namna mpya. Wachezaji walivaa sare, wakapiga tarumbeta kwa mfano wa bendi za manowari na za kambi za askari, wakajipa vyeo kuanzia mfalme hadi sajini. Ngoma hiyo iliitwa beni. Maofisa wa kikoloni waliotazama kutoka kando waliona ni kuiga tu, na baadaye wengine wakaingiwa na wasiwasi kwamba huenda ni jeshi la siri. Waliokuwa ndani walijua kwamba wamejiunga na chama. Kilikuwa na viongozi, michango, na wajibu wa kumjulia hali mgonjwa, kumzika aliyefariki na kumpokea mwenzao aliyeingia mjini hana jamaa.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, mwanasheria mmoja aitwaye Paul Harris alihamia Chicago. Alikuwa amelelewa Wallingford, katika jimbo la Vermont, mji mdogo ambao watu wake walijuana. Chicago ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu, naye akaona upweke ambao hakuwahi kuuona. Jioni ya tarehe 23 Februari 1905 alikutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Walikaa katika chumba namba 711 cha jengo la Unity, ofisini kwa yule mhandisi, wakakubaliana kwamba watakutana tena, kwa zamu, ofisini kwa kila mmoja. Hapo ndipo Rotary ilipozaliwa.

Beni na Rotary hazikuwahi kusikiana. Lakini zote mbili zilizaliwa na watu ambao mji mkubwa ulikuwa umewatenga na waliowajua. Hakuna aliyeingia beni akiwa na shabaha ya kuihudumia jamii, wala Harris hakuwaita wenzake wajenge zahanati. Walitafuta watu. Huduma ilikuja baadaye, ikaota juu ya ujirani huo. Ninaamini kwamba viongozi wengi wa klabu za leo, wale wanaolalamika kuwa vijana hawajitolei, wameigeuza hesabu hii. Wanamwonesha mgeni orodha ya miradi na kiwango cha ada, kisha wanashangaa kwa nini alihudhuria mara mbili tu.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoieneza beni. Askari na wapagazi waliicheza kambini, na vita ilipokwisha walirudi nayo makwao. Kufikia miaka ya 1920 miji mingi ya Tanganyika ilikuwa na pande mbili zilizoshindana: Marini, waliojihesabu kuwa watu wa hadhi, na Arinoti, waliowavuta zaidi watu wa kazi za mikono na waliotoka bara. Ngoma ikavuka hadi Kongo, na upande wa Malawi na Zambia ikazaa ndugu zake kama malipenga na kalela. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeiandikia kitabu mwaka 1975, alionesha kwamba chini ya tarumbeta zile palikuwa na mtandao wa kusaidiana uliounganisha mji na mji. Mtu wa Marini alipohamia mji mgeni, aliwakuta Marini wenziwe.

Nguvu ya beni ilikuwa katika mambo mawili. La kwanza ni upinzani: ukiwa mtaani ilikubidi uwe upande fulani, na wa upande wako walikuhitaji ili wasishindwe. La pili ni vyeo. Vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na vazi lake na shughuli yake. Kuli wa bandarini, ambaye kazini aliitwa boi hata akiwa na mvi, jioni aliitwa kapteni, na siku ya mashindano kapteni asipofika, safu yake ilivurugika mbele ya mji mzima.

Wanawake wa Mombasa walikuwa na lelemama. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo, ameeleza vikundi kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa nyimbo, mavazi na karamu. Mwanamke alipanda cheo kwa kuwaandalia wenzake. Katika mji uliowapima watu kwa nasaba, wanawake wenye asili ya utumwa walipata humo mahali pa kusimama safu moja na wengine. Lakini ushindani ule ulikuwa na bei. Karamu moja ilidai karamu kubwa zaidi, na nyumba nyingine ziliingia madeni kwa sababu ya heshima ya kikundi. Hapo palianza udhaifu ambao klabu za huduma zimeurithi mzimamzima. Klabu inayokutana hotelini kila wiki, kila mtu akilipia chakula, imeweka ada ya pili ambayo haimo kwenye katiba. Mwalimu na nesi hawatasema kwamba bei imewashinda. Wataacha tu kuja.

Turudi Chicago, maana kanuni zilizowekwa huko ndizo zilizokuja kuigwa na karibu klabu zote za huduma duniani. Klabu ya Harris ilitoa nafasi moja kwa kila taaluma: mwanasheria mmoja, mchapishaji mmoja, daktari mmoja. Sababu yake ya awali ilikuwa biashara. Wanachama walipeana wateja, na palikuwa na ofisa wa klabu aliyeandika nani amempa nani kazi. Lakini kanuni hiyo ilifanya jambo jingine kubwa zaidi. Aliyeingia alijua kwamba kiti kile ni chake, na asipokikalia, mahali pake pataonekana patupu. Mchapishaji Harry Ruggles, mwanachama wa tano, akaanzisha desturi ya kuimba pamoja kabla ya mazungumzo, na watu wazima waliokuwa wameshindana mchana kutwa wakajikuta wanacheka.

Kisha ikaja kanuni ya mahudhurio. Mikutano ikawa ya kila wiki, na mwanachama aliyekosa minne mfululizo bila udhuru alihesabiwa kuwa amejiondoa. Aliyesafiri aliruhusiwa kufidia kwa kuhudhuria klabu ya mji aliofikia. Wengi leo wanaiona kanuni hiyo kuwa ya kibabe. Mimi naiona kuwa na huruma ndani yake, kwa sababu ilimlazimu katibu kujua, kila wiki, nani hakuja.

Na huduma? Huduma iliingia kwa mlango ambao viongozi wa klabu wangepaswa kuukumbuka kila wanapokataliwa na mtu. Mwaka 1906 mwanasheria wa hataza, Donald Carter, alialikwa ajiunge. Akasoma malengo ya klabu, akakuta ni urafiki na faida za wanachama wenyewe, akakataa. Alisema klabu isiyofanya lolote kwa ajili ya mji wake haina mustakabali. Wangeweza kumwacha aende zake. Badala yake walimwomba aandike lengo analolitaka, wakaliongeza kwenye katiba, naye akajiunga. Mwaka uliofuata klabu ilianza kampeni ya kujenga choo cha umma katikati ya jiji. Wenye baa na maduka makubwa waliipinga, kwa kuwa vyoo vyao vilikuwa njia ya kuvuta wateja, lakini klabu haikurudi nyuma hadi kazi ikafanyika. Kwa hiyo mradi wa kwanza wa Rotary ulitokana na mtu aliyekataa kuwa mwanachama na viongozi waliokuwa tayari kumsikiliza.

Baada ya hapo klabu zilizidi kuota. Kiwanis ilianza Detroit mwaka 1915. Lions ilianzishwa na Melvin Jones, wakala wa bima wa Chicago, mwaka 1917, na mwaka 1925 Helen Keller alipanda jukwaani katika mkutano wao huko Ohio akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Tangu siku hiyo mwanachama wa Lions, awe Texas au Nairobi, akiulizwa chama chake kinafanya nini ana jibu la neno moja: macho. Hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi, ni tunda la jibu hilo. Uingereza nako, mwaka 1927, kijana Louis Marchesi wa Norwich alianzisha Round Table kwa ajili ya vijana walioona Rotary imejaa wazee, akaweka sharti kwamba mtu akifika miaka 40 anatoka. Ni sharti gumu, lakini lilihakikisha kwamba uongozi hauwezi kushikwa na mtu mmoja kwa miaka 30, ugonjwa ambao umeua vyama vingi vyetu.

Nairobi ilipata klabu ya Rotary mwaka 1930. Uanachama ulikuwa wa mwaliko, na mwaliko ulikwenda kwa wenye biashara na wakuu wa taaluma. Katika mji wa kikoloni, viti hivyo vilikaliwa na Wazungu, na baada yao Waasia. Mwafrika hakuhitaji kuandikiwa tangazo la kumkataza.

Waafrika waliunda vyao. Mwaka 1929 makarani na watumishi wa serikali wa Dar es Salaam waliunda African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Wanachama walijitolea kujenga ofisi yao New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Nairobi na Mombasa zilijaa vyama vya watu wa kwao: Luo Union, kwa mfano, ilijulikana kwa michango ya kuwasafirisha marehemu hadi nyumbani. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa ajiunge na chama kitakachomfikisha kaburini kwa heshima. Kwa upande mwingine, African Association ilisinzia na kuamka mara kadhaa katika miaka yake 25, kwa sababu mzigo wake ulikuwa mabegani mwa makarani wachache, na karani akihamishwa na serikali, tawi lilizimika.

Somo kubwa kuliko yote la kuandikisha wanachama katika nchi hizi halikutoka kwenye klabu ya huduma bali kwenye siasa, nalo linastahili kutazamwa kwa utulivu. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka mmoja baadaye John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza aliitembelea Tanganyika akauliza: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwapo wa kuonesha. Wanaume wa chama walikuwa na hotuba, kadi na katiba, lakini hawakuwa na njia ya kuingia uani. Ndipo walipomwendea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Bibi Titi hakuanza kwa kusimama sokoni kuhutubia wapita njia. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, watu waliokuwa na wafuasi tayari, waliokuwa wameshirikiana katika harusi, misiba na mashindano kwa miaka. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja. Susan Geiger, aliyezungumza na wanawake hao na kuandika habari zao, ameeleza kwamba kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Ni idadi ambayo tawi lolote la wanaume lingeionea wivu, na iliyopatikana kwa miezi michache tu.

Hawakubaki kwa sababu ya kadi, bali walibaki kwa sababu walipewa kazi wanazoziweza. Waliimba mikutanoni, waliwapokea wageni, waliuza kadi, walichanga fedha, walipeleka habari mtaa hadi mtaa. Mshona nguo, mpika vitumbua na muuza pombe walikuwa na jambo la kufanya jioni hiyo hiyo. Klabu nyingi za leo hukaa na mwanachama mpya miezi sita kabla ya kumpa hata kazi ya kupanga viti, zikidhani zinamheshimu kwa kumpumzisha.

Uhuru ulipofika, dola ilizichukua jumuiya nyingi chini ya kwapa lake. Tanzania mwaka 1976 ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ikavirudisha mwaka 1982 baada ya kuona pengo. Kenya ilipiga marufuku vyama vya kikabila mwaka 1980, na mwaka 1987 jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake ikaunganishwa na chama tawala, KANU. Takwimu za wanachama zilinona, lakini mtu aliyefanywa mwanachama kwa amri ana njia nyingi za kutokuwepo.

Nje ya bara letu, kufuli kubwa zaidi la klabu za huduma lilikuwa la jinsia. Rotary, Lions na Kiwanis zote zilikuwa za wanaume kwa kanuni. Mwaka 1977 klabu ndogo ya Rotary ya Duarte, California, iliyokuwa imepungukiwa wanachama, iliwaingiza wanawake watatu. Mwaka 1978 makao makuu yakaifuta. Wana Duarte hawakutawanyika: waliendelea kukutana wakiwa na nembo ya Rotary iliyochorwa alama ya X juu yake, wakafungua kesi. Tarehe 4 Mei 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba sheria ya California inayozuia ubaguzi inaihusu Rotary pia. Lions na Kiwanis zilifungua milango mwaka huohuo, na Rotary ikabadilisha kanuni zake duniani kote mwaka 1989. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza. Kilichoanza kama njaa ya wanachama katika mji mdogo kilirekebisha dhuluma ambayo hotuba za miaka mingi hazikuigusa.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 idadi ya Warotari duniani imekuwa ikizunguka kwenye milioni 1.2. Kila mwaka watu wengi huingia, na karibu wengi vilevile hutoka. Huko ni kutia maji kwenye pakacha. Mwaka 2000 Robert Putnam wa Harvard alichapisha kitabu mashuhuri kuhusu kudorora kwa vyama vya hiari Marekani, akataja televisheni, safari ndefu za kazini na kupita kwa kizazi kilichozoea kujumuika. Sababu hizo zina uzito. Lakini haziwezi kueleza kwa nini mahali pengine klabu zilezile, zenye beji zilezile, zilikuwa zinachipua.

Mahali hapo ni Uganda. Kampala ilipata klabu yake ya kwanza mwaka 1957. Sam Owori alijiunga nayo mwaka 1978, enzi za Idi Amin, wakati ambapo kukusanyika tu kulikuwa na hatari yake. Alipokuwa gavana wa Rotary wa eneo letu mwishoni mwa miaka ya 1980, Uganda ilikuwa na klabu 9. Alipofariki Julai 2017, akiwa amekwisha kuchaguliwa kuiongoza Rotary duniani kwa mwaka 2018–19, zilikuwa 89. Namba hizo mbili zinaniambia jambo moja. Waganda hawakuridhika na klabu moja kubwa yenye majina makubwa. Waliendelea kuzaa klabu. Klabu mpya ya Rotary inahitaji wanachama 20 ili iandikishwe, na kati ya watu 20 hakuna wa kujificha. Kila mmoja ana cheo au kamati. Kwenye klabu ya watu 120 mgeni anakuta kazi zote zina wenyewe, na kutokuja kwake kunajulikana na mweka hazina peke yake.

Shabaha kubwa nayo inasaidia. Mwaka 1985 Rotary ilijifunga kupambana na polio, na tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Mwanachama wa Moshi au Kisumu aliyechanga kidogo kidogo ana haki ya kusema alikuwamo. Ila shabaha ya namna hiyo haimshiki mtu Jumanne jioni mvua inaponyesha. Kinachomtoa nyumbani ni kwamba yeye ndiye mwenye funguo za ukumbi.

Wanaolijua hilo vizuri kuliko wote katika mitaa yetu ni wanawake wa vikoba. Mtindo wa vikundi hivyo vya kuweka na kukopa ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea hadi kwetu na kukutana na upatu wa siku zote. Vikundi ni vidogo, wachelewaji hutozwa faini, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na pembeni upo mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Ni beni na Chicago ya 1905 katika kikao kimoja. Nasikitika kuona klabu za huduma zinazoitisha semina kuhusu uhaba wa wanachama ilhali hazijawahi kumwalika hata mwenyekiti mmoja wa kikoba azungumze.

Mwaka 2016 Rotary ililegeza masharti, ikaziachia klabu ziamue zenyewe zikutane mara ngapi na kwa njia gani, mtandaoni ikiwamo. Mwaka 2019 Rotaract, iliyoanza mwaka 1968 kama klabu ya vijana chini ya mbawa za wakubwa, ilipewa hadhi ya uanachama kamili. Ni mabadiliko ya haki. Nesi wa zamu za usiku hawezi kufungwa na chakula cha mchana cha kila Alhamisi. Lakini klabu iliyoondoa daftari la mahudhurio ikaweka kundi la WhatsApp badala yake imepoteza kile kilichokuwa chema katika kanuni ya zamani. Kwenye kundi la watu 80, aliyenyamaza miezi mitatu haonekani tofauti na aliyefariki.

Ikiwa wewe ni katibu au mwenyekiti, kabla hujachapisha fomu mpya wala kutangaza wiki ya kuandikisha, chukua orodha ya wanachama na uweke alama kwa kila ambaye hukumwona tangu robo mwaka iliyopita. Usiwatumie ujumbe wa pamoja. Gawaneni majina, kila mmoja wawili au watatu, mwende mkawaone majumbani au kazini kwao. Msiwadai ada siku hiyo. Waulizeni wanaendeleaje na nini kiliwaondoa, na mwende mkiwa na kazi moja mahususi kwa kila mtu, yenye jina lake na tarehe yake.